Taa, Jeli na Chembe Zilizo Hai



Chukua miguu ya ng'ombe au ya mbuzi, uichemshe kwa moto mdogo toka asubuhi mpaka jioni, kisha uache mchuzi ndani ya sufuria mpaka kesho yake. Kama usiku ulikuwa wa baridi, kama usiku wa mwezi wa saba hapa Kabongo, asubuhi utakuta mchuzi haumwagiki tena. Ukiinamisha sufuria, mchuzi unatikisika tu. Haukugeuka kuwa barafu, wala maji hayakwenda po pote. Yangali mle mle, ila yameshikwa. Rudisha sufuria motoni, na mara mchuzi unayeyuka kama jana.

Kitu cha namna hiyo, yaani maji yaliyoshikwa yasikimbie, huitwa jeli. Kila mama anakijua, hata kama hajapata kusikia jina lake. Tumeanza na sufuria kwa sababu habari ya leo yaanzia hapo. Katika nchi mbalimbali wako wataalamu wanaotengeneza jeli, wakatia ndani yake chembe zilizo hai za mwili, kisha wakaigandisha kwa mwanga wa taa. Na chembe zile hazifi.

Siku hizi habari kama hizi hufika vijijini kwa simu na kwa redio, nazo mara nyingi huvunjika njiani. Mtu husikia nusu, humwambia mwenzake robo. Ndiyo maana wako wanaouliza: Je, ni kweli kwamba wenye ugonjwa wa sukari hawatachomwa sindano tena, kwa kuwa watatiwa chembe mpya ndani ya jeli? Tutalijibu swali hilo, lakini si kwa neno moja. Mtu akipewa neno moja tu hajui sababu yake, na asiyejua sababu hudanganywa upesi.

CHEMBE NA MAYAI YA CHURA

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Wengine huziita seli. Lakini matofali haya ni hai: yanakula, yanapumua, yanafanya kazi, yanazaa mengine, yanakufa. Huwezi kuyaona kwa jicho tupu. Yule anayetazama damu yako maabarani ili kutafuta malaria, anaona chembe za damu kwa darubini yake.

Chembe ikitolewa mwilini huwa kama samaki aliyetupwa mchangani. Yataka unyevu, yataka joto la kadiri, chakula na hewa safi, tena yataka mahali pa kushika. Ukiitia katika maji tu, itazama chini na kulundikana na wenzake. Basi mtu atafanya nini akitaka kuziweka chembe mahali fulani mwilini, zikae pale pale, tena hai?

Nenda kwenye kidimbwi wakati wa mvua, utazame mayai ya chura. Kila yai limo katikati ya ute ulio wazi kama kioo. Ute huo haulifungi yai kama kopo lifungavyo samaki wa dukani. Maji na hewa hupita ndani yake, na uchafu wa yai hutoka nje. Hata hivyo mayai hayasambai, wala hayakandamizani. Yai limefungwa, na bado lapumua. Hicho ndicho wataalamu wanachotafuta kwa chembe za mwanadamu.

Siri yake ni kwamba jeli ni wavu. Nyuzi ndefu nyembamba zimeshikana fundo kwa fundo, na maji yamekaa katika matundu. Katika jeli nyingi za kazi hii maji ndiyo sehemu kubwa kabisa, mara nyingi kupita nane katika kumi. Wavuvi wa mto Lomami hawana haja ya kufundishwa neno hili: ukubwa wa tundu ndio unaoamua nani atapita na nani atabaki. Hewa safi hupita katika wavu wa jeli, sukari hupita, dawa ndogo zinazotengenezwa na chembe hupita. Chembe yenyewe ni kubwa mno. Haiwezi kutoka, na chembe nyingine ya kigeni haiwezi kuingia.

KWA NINI TAA?

Tazama shida iliyo katika mchuzi wetu wa miguu. Huganda kwa baridi na kuyeyuka kwa joto. Mwili wa mtu una joto la digrii 37, nalo latosha kuuyeyusha. Kwa hiyo jeli ya jikoni haifai kubeba chembe ndani ya mwili, maana itageuka maji kabla ya kufanya kazi yo yote. Yatakiwa mafundo yasiyofunguka kwa joto.

Je, tuigandishe kwa kuipika, kama yai linavyoganda katika kikaango? Hapana, maana chembe zitapikwa pamoja nayo. Tutumie dawa kali? Nyingi zitaziua. Basi wataalamu walifikiri juu ya mwanga.

Kazi yake ni hivi. Nyuzi za jeli zinatiwa kulabu ndogo katika ncha zake. Bado ni maji. Zaweza kuvutwa kwa bomba la sindano. Ndani ya maji hayo hutiwa chembe hai, pamoja na dawa kidogo sana iitwayo dawa ya kuamsha. Gizani dawa hiyo hulala. Mwanga wa rangi yake ukiipiga, huamka na kuzaa vipande vikali visivyotulia. Kipande kimoja hurukia kulabu iliyo karibu, kulabu hiyo hushika ya pili, ya pili hushika ya tatu, kama watu wanaoshikana mikono ili wavuke mto wenye nguvu. Kwa muda mfupi, sekunde kadhaa au dakika chache, maji yamekuwa jeli, na chembe zimebaki katika matundu yake. Yote hayo yamefanyika bila moto.

Tena mwanga una adabu ambayo moto hauna: hugandisha pale unapofika tu. Penye kivuli, jeli hubaki maji, na yaweza kuoshwa. Kwa hiyo mtaalamu aweza kukata karatasi kwa umbo analotaka, akaikinga taa nayo, akapata jeli yenye umbo hilo.

Kama umewahi kuzibiwa jino kwa dawa nyeupe, umekwisha kuona jambo lililo ndugu na hili. Daktari wa meno hujaza shimo kwa dawa laini kama udongo mbichi, kisha huweka ndani ya kinywa taa ndogo ya rangi ya buluu, na dawa inakuwa ngumu hata kutafuna. (Usiichanganye na taa ya buluu wanayolazwa chini yake watoto wachanga wenye macho ya manjano. Ile haigandishi kitu. Kazi yake ni kuibadili rangi ya manjano iliyo katika mwili wa mtoto, ipate kutoka kwa urahisi.)

Na dawa ya kuamsha si lazima iwe kitu cha ajabu. Mojawapo iliyotumika sana ni eosini. Jina hilo walijua wanaofanya kazi maabarani, kwa kuwa eosini imo katika rangi ya Giemsa wanayotia kwenye damu ili vijidudu vya malaria vionekane. Eosini ikipigwa na mwanga wa kijani, pamoja na dawa ya kuisaidia, huamsha kulabu za jeli. Twaona jambo hili ni zuri kulifikiri: rangi ile ile ya kutafutia ugonjwa imekuwa kiberiti cha kuwashia kazi nyingine kabisa.

WALIOIANZA KAZI HII

Mwaka 1960, katika mji wa Prague, nchi iliyoitwa wakati huo Czechoslovakia, watu wawili, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, waliandika juu ya jeli za maji zinazoweza kukaa na mwili bila kuuchokoza. Wichterle alitaka kutengeneza vioo laini vya kuvaa juu ya mboni ya jicho. Mwishoni mwa mwaka 1961 alijitengenezea mashine nyumbani kwake, kwa vipande vya chuma vya mchezo wa watoto na dinamo ya baisikeli, akapata vioo vyake vya kwanza vilivyofaa. Mafundi wa baisikeli wa Kabongo wasijidharau.

Lakini jeli ya Wichterle haikuwa na chembe hai ndani yake. Ilikuwa mwaka 1992 ambapo Jeffrey Hubbell na wenzake, katika chuo kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, walionyesha kwamba jeli yaweza kugandishwa upesi kwa mwanga huku ikigusana na chembe na nyama ya mwili, na chembe zikaishi. Mwaka 2000 wataalamu wa Gent, nchini Ubelgiji, walitoa habari ya jeli ya namna nyingine: walichukua gelatini, ndiyo hiyo hiyo inayougandisha mchuzi wa miguu, wakaitia kulabu ili ishikane kwa mwanga. Tangu hapo haikuyeyuka tena kwa joto la mwili. Chembe nyingi huipenda gelatini, kwa sababu inafanana na kamba za mwili wenyewe zilizozizoea.

Fanya jaribio moja usiku wa leo. Zima taa nyumbani, uweke tochi chini ya kiganja chako, uiwashe. Utaona nyama ya vidole inang'aa nyekundu. Maana yake mwanga kidogo unapenya. Mwaka 1999 Jennifer Elisseeff na wenzake walitumia jambo hilo. Walidunga jeli ya maji chini ya ngozi ya panya, ikiwa na chembe zinazojenga gegedu, yaani ule mfupa laini wa sikio na wa maungio. Kisha waliangaza taa juu ya ngozi, kwa nje, bila kupasua. Jeli iliganda mle ndani, na chembe zilianza kujenga gegedu mpya.

Jambo la gegedu si dogo kwetu. Mtu aliyesukuma baisikeli yenye magunia ya mahindi au mitungi ya mafuta ya ngazi kwa miaka ishirini anajua magoti yake yalivyo. Gegedu ya goti ikilika hairudi kwa urahisi, kwa maana haina damu yake yenyewe. Mwaka 2013 Elisseeff na wenzake walitoa habari ya wagonjwa 15 waliotiwa gotini jeli iliyogandishwa kwa taa, baada ya daktari kutoboa mfupa matundu madogo. Hao hawakutiwa chembe za mtu mwingine. Chembe zao wenyewe zilitoka katika uboho, zikaingia katika jeli na kuijaza. Shimo la gegedu lilijaa vizuri kuliko kwa wale waliotobolewa mfupa bila jeli. Lakini watu 15 ni wachache, na hatuwezi kukuambia kwamba goti lako litatengenezwa hivyo mwaka ujao.

SASA JUU YA SUKARI

Nyuma ya tumbo lako kiko kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake vimetawanyika vikundi vya chembe vipatavyo milioni moja, kila kimoja kidogo kuliko punje ya chumvi. Aliyeviona kwanza ni Mjerumani Paul Langerhans, mwaka 1869, navyo huitwa visiwa vya Langerhans. Visiwa hivi huonja sukari ya damu usiku na mchana. Ikipanda, humimina insulini, ambayo hufungulia sukari mlango wa kuingia katika chembe za mwili.

Iko namna ya ugonjwa wa sukari ambayo huwapata hasa watoto na vijana. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupiga vijidudu, wanakosa kutambua ndugu zao na kuviua visiwa. Insulini inakwisha. Mtoto anakula bukari na kushiba, lakini chembe zake zina njaa, na sukari inamwagika katika mkojo. Zamani mtoto huyo alikuwa wa kufa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922, kule Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alidungwa insulini, mtu wa kwanza kuokolewa nayo. Akaishi miaka mingine 13. Tangu siku hiyo sindano imekuwa uhai wa watu kama yeye. Lakini ni sindano ya kila siku, mpaka mwisho.

Ndiyo maana watu walianza kuwaza: badala ya kumpa mtoto insulini, kwa nini tusimpe visiwa vipya? Imefanyika. Mwaka 2000, huko Edmonton nchini Kanada, wagonjwa saba walitiwa visiwa vilivyotoka kwa watu waliokufa, na wote saba waliacha sindano. Lakini askari wa mwili huvipiga visiwa vya kigeni kama walivyopiga vile vya kwanza. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kumeza dawa za kuwalegeza askari hao, siku zote. Na mtu mwenye askari legelege, katika nchi yenye kifua kikuu, yuko katika hatari nyingine.

Hapa sasa utaelewa wavu wetu wa jeli unatafutwa wa nini. Weka kisiwa ndani ya jeli. Sukari inaingia, kisiwa kinaonja, insulini inatoka. Askari wa mwili ni mkubwa kuliko tundu; anabaki nje. Mgonjwa hana sindano wala dawa za kuwalegeza askari. Mwaka 1980 Lim na Sun waliwatia panya wenye sukari visiwa vilivyofungwa katika jeli iliyotengenezwa kwa mimea ya baharini, na sukari yao ilikaa sawa karibu majuma matatu. Mwaka 1994 ilitolewa habari ya mtu mmoja wa Marekani aliyetiwa visiwa katika jeli ya mimea hiyo, akaacha insulini kwa miezi tisa. Lakini mtu huyo alikuwa tayari anameza dawa za kuwalegeza askari, kwa sababu ya figo aliyopewa, na kwa hiyo hatujui jeli peke yake ingemlinda kiasi gani. Kundi la Hubbell nalo lilivika visiwa koti jembamba la jeli, kwa eosini na mwanga wa kijani.

Kwa nini basi kazi haijakwisha? Hapa ndipo habari za simu hunyamaza, na hapa ndipo penye maana.

Kwanza, kisiwa kinapumua sana. Katika mwili chembe iliyo hai huwa karibu na mshipa mdogo wa damu, umbali usiozidi sehemu moja au mbili za milimita iliyogawanywa kumi. Ukiifunika kwa jeli nene, hewa haifiki, nayo inakufa katikati ya ulinzi wake. Ukiifunika kwa jeli nyembamba mno, yaweza kupasuka.

Pili, mwili haupendi wageni. Umewahi kuona mwiba uliovunjikia mguuni ukaachwa humo? Mwili huuzungushia nyama ngumu. Hufanya hivyo hivyo kwa jeli. Kovu hilo halina mishipa mingi, na kisiwa kinakosa hewa hata kama hakuna askari aliyekigusa.

Tatu, wavu huwazuia askari wenyewe, lakini hauzuii mishale yao. Sumu ndogo ndogo wanazozitoa hupita pale pale inapopita sukari.

Na mwanga nao una gharama yake. Vile vipande vikali vinavyoamshwa na taa havichagui. Huweza kuichoma chembe badala ya kushika kulabu. Dawa ya kuamsha ikizidi, chembe zinakufa. Taa ikizidi, zinakufa. Zikipungua mno, jeli inabaki uji. Tena hewa yenyewe hukamata vile vipande kabla havijafika, hata tabaka la juu likabaki la kunata. Wataalamu wamekaa miaka mingi wakipima dawa moja baada ya nyingine ili wapate zile ambazo chembe huzivumilia.

Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliruhusu visiwa vya watu waliokufa viwe dawa kwa wagonjwa wazima wachache wenye shida kubwa; lakini hivyo havimo katika jeli, na dawa za kuwalegeza askari zingali zinahitajiwa. Mwezi wa tatu mwaka 2025 iliruhusu kifuko kidogo chenye chembe hai za mtu, ambacho hutiwa ndani ya jicho kwa ugonjwa mmoja wa nadra. Kifuko hicho kimeonyesha kwamba chembe zilizofungwa zaweza kuishi na kufanya kazi katika mwili. Lakini mwezi huo huo kampuni kubwa ya dawa iitwayo Vertex ilitangaza kwamba inaacha jaribio lake la visiwa vilivyotiwa katika kifuko cha kuwazuia askari, kwa sababu insulini iliyotoka haikutosha. Kazi nyingine zingali zinaendelea. Kwa sasa hakuna nchi iliyokwisha kuruhusu visiwa vilivyofungwa katika jeli ya taa viwe dawa ya kawaida ya ugonjwa wa sukari.

KWA HIYO UFANYE NINI?

Mtu akikujia sokoni Kabongo au Kamina, au akikuandikia katika simu, akakuambia anayo jeli ya chembe hai ya kunywa au ya kupaka, inayoponya sukari, wewe sasa unaweza kumhoji mwenyewe. Chembe gani inayoishi katika chupa juu ya meza yenye jua? Na chembe ikinywewa, tumbo litaifanyaje? Litaisaga kama lisagavyo nyama na sombe. Na ikipakwa juu ya ngozi, itaingia wapi? Anayeuza hivyo anauza maji yaliyoganda.

Hasara ya franga zako yaweza kulipwa. Lakini mtoto wa namna ile tuliyoeleza akiachishwa insulini, mara nyingi hafiki juma moja kabla ya kuwa mgonjwa sana. Wako wanaoacha sindano kwa sababu ya dawa ya chupa, wengine kwa sababu ya mizizi, wengine kwa sababu wameombewa. Kuombewa ni vema. Kuacha sindano ni jambo jingine, usiyafunge pamoja. Hata siku mtoto anapotapika na hali chakula, usimwachishe insulini kwa akili yako mwenyewe. Mlete hospitalini, kipimo kibadilishwe na anayejua.

Wazee wengi wenye sukari wana ugonjwa wa namna nyingine: visiwa vyao vingali hai, lakini mwili hauisikii insulini vizuri. Wengi wao husaidiwa kwa vidonge, kwa chakula cha kiasi na kutembea. Habari hizi za visiwa ni kwa ajili ya watoto na vijana kwanza.

Na mtoto ambaye bado hajajulikana kuwa mgonjwa? Mtazame. Anakunywa maji kupita kiasi. Anakojoa mara nyingi. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena. Anakula na huku anakonda. Mara nyingine chungu hukusanyika pale alipokojoa. Halafu yaja kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito za haraka zinazonuka kama matunda yaliyoiva mno, na usingizi usio wa kawaida. Hapo usingoje asubuhi. Na kwa sababu hapa kwetu kila mtoto aliyelegea hudhaniwa kuwa na malaria, uombe sukari ya damu ipimwe pia, hata kama malaria imeonekana. Mtoto aweza kuwa na vyote viwili, na akatibiwa kimoja tu.

Labda utasema, "Insulini yataka frigo, nami sina frigo wala umeme." Neno hili limewafanya wazazi wengi kukata tamaa, nalo halina nguvu kama zamani. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, mahali pa joto kali kuliko kwetu, wagonjwa walikuwa wakilazimika kwenda hospitali kila siku kwa ajili ya sindano, maana hawakuwa na frigo. Madaktari Wasio na Mipaka, pamoja na chuo kikuu cha Geneva, wakapima joto la ndani ya nyumba zao, kisha wakaiweka insulini katika joto kama lile, digrii 25 mpaka 37, likipanda na kushuka, kwa majuma manne. Mwaka 2021 walitoa habari kwamba nguvu ya dawa ilikuwa karibu sawa na ya ile iliyokaa katika baridi. Chupa ambazo bado hazijafunguliwa ni vema zikae katika frigo ya hospitali. Ile unayoitumia yaweza kukaa nyumbani.

Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine. Jaza mchanga katikati, uumwagie maji asubuhi na jioni. Weka chupa ndani ya chungu kidogo, katika kopo kavu lenye kifuniko, usiiache ilowe, na ufunike chungu kwa kitambaa kilicholowa. Mahali pake ni penye kivuli na upepo, mbali na jiko, wala si juu ya bati. Ukiona dawa iliyokuwa wazi kama maji imekuwa na ukungu, au ile ya maziwa ina mabonge yasiyochanganyika, usiitumie. Insulini iliyoganda kwa baridi imekufa hata ikiyeyuka, kwa hiyo usiiguse na barafu. Andika juu ya chupa tarehe uliyoifungua, na yakipita majuma manne uilete kubadilishwa, hata kama dawa ingali imebaki ndani.